Kimiminika cha ioni kinakula kioo, na asidi inarudi yenyewe baada ya kuosha

Binti_wa_Ditizoni ameandika:

Wakuu wa kemia, shikamooni wanaostahili, wengine poleni na kazi.

Nipo shahada ya uzamili. Kazi yangu ni kuondoa risasi (ile metali, Pb) kwenye maji machafu ya wanaofumua betri kuukuu za magari. Natumia kimiminika cha ioni (chumvi ambayo ni kimiminika hata kwenye joto la chumba), BMIM-PF₆, yaani 1-butili-3-metilimidazoliamu heksafluorofosfeti, na ndani yake nimeyeyusha ditizoni, kemikali inayoshika metali na kubadilika rangi. Upande wa kuvuta risasi sina malalamiko kabisa. Nikitikisa, ditizoni inatoka kwenye kijani na kuwa nyekundu ya damu ya mzee. Kimiminika ni kizito kuliko maji, kwa hiyo kinatulia chini na nakitenga kwa faneli bila taabu.

Shida iko kwenye kurudisha. Ili nikitumie tena, nakitikisa na asidi ya nitriki ya moli 1 kwa lita, risasi ihamie kwenye maji ya asidi. Kimiminika kinanata sana, hivyo nakipasha hadi 60°C kilegee. Kisha nakiosha kwa maji yaliyokenekwa mpaka karatasi ya pH isome 5 au 6, halafu nakiacha kilale chini ya maji hayohayo. Asubuhi nikipima, pH imeshuka hadi 2. Naosha tena inapanda, nalaza tena inashuka.

Halafu kuna suala la vioo. Faneli imefanya utepe wa ukungu kwa ndani, pale hasa maji yanapokutana na kimiminika. Nimeisugua kwa sabuni na kwa asetoni, hautoki. Ukipitisha kucha unahisi mkwaruzo. Koki ya kioo nayo imeanza kuvuja.

Msimamizi wangu anaamini ni asidi ya nitriki iliyojificha ndani, niendelee kuosha. Karatasi ya muuzaji inasema bidhaa "haichanganyiki na maji, ni imara hewani na majini". Mnaionaje?

Mzee_wa_Titresheni amejibu:

Marahaba, mwanangu. Kabla ya kemia yoyote, leo hii acha kuishika hiyo faneli kwa glavu zile nyembamba, na uulize stoo kama wana jeli ya kalsiamu glukoneti. Kama hawana, kazi isimame mpaka ipatikane. Kwa dalili ulizoeleza, ndani ya maji hayo kuna HF, asidi ya hidrofloriki.

HF iliyozimuliwa haikuonyi mapema kama asidi nyingine. Inaweza kukudondokea mchana usihisi kitu, maumivu yakaanza usiku, na kufikia hapo floraidi imeshapenya ngozi inatafuta kalsiamu ya mwilini mwako. Ikikudondokea, unaosha kwa maji mengi papo hapo, unapaka jeli ili floraidi ishikwe na kalsiamu ya jeli, kisha unakwenda hospitali na unawaambia kwa jina kwamba ni HF. Usiwaambie "asidi" tu, maana watakutibu kama mtu wa asidi ya betri.

Sasa kwa nini nasema ni HF. Vioo vya maabara vimetengenezwa kustahimili asidi ya nitriki, hata ya moto. Kinachokula silika ni HF, inaichukua na kuiondoa kama SiF₄. Ule utepe wako wa ukungu ni kioo kilicholiwa, ndiyo maana sabuni haiutoi. Dalili ya pili ni hiyo pH inayoshuka usiku. Ni kweli asidi ya nitriki huweza kubaki kidogo ndani ya kimiminika, lakini ingekuwa ni hiyo peke yake ingepungua kila unapoosha, mwisho ingeisha. Wewe unaosha na inazaliwa upya. Maana yake kuna kitu humo ndani kinachoitengeneza, na kitu hicho ni PF₆ yako.

Iangalie hiyo anioni, yaani ioni yenye chaji hasi. Katikati kuna fosforasi, imezungukwa na floraini sita pande zote. Kwenye maji baridi yasiyo na asidi inakaa muda mrefu sana, kwa sababu molekuli ya maji haipati upenyo wa kuifikia fosforasi. Ukiweka asidi mambo yanabadilika. Protoni inaikamata floraini moja, zinaondoka pamoja kama HF, na kinachobaki, PF₅, kinayavamia maji mara moja. Kutoka hapo floraini zinang'oka hatua kwa hatua mpaka unafika kwenye fosfeti ya kawaida. Ukijumlisha safari nzima unapata hivi:

PF₆⁻ + 4H₂O → H₂PO₄⁻ + 6HF

Kila anioni moja inayovunjika hadi mwisho inatema HF sita. Na HF yenyewe ni asidi, kwa hiyo inachochea uvunjikaji wa PF₆ iliyobaki. Ndiyo sababu mchezo hauishi ukiosha. Wewe uliuwasha kwa asidi na 60°C, sasa unajiendesha.

Tufanye hesabu ndogo, kwa sababu wengi hudhani "kuvunjika kidogo" ni jambo dogo. Chukua gramu 10 za BMIM-PF₆. Uzito wake wa moli ni 284, kwa hiyo una moli 0.035. Tuseme asilimia 1 tu ndiyo imevunjika hadi mwisho. Mara sita, unapata moli 0.0021 za floraidi, yaani miligramu 40. Ukiwa na mililita 50 za maji juu yake, hiyo ni miligramu 800 kwa lita. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasizidi 1.5. Kiini chote cha utafiti wako ni kusafisha maji, mwanangu, na hapo unayatoa risasi huku unayatia floraidi.

Kuhusu karatasi ya muuzaji. Kutochanganyika na maji ni jambo moja, kutovunjwa na maji ni jambo lingine kabisa, na katika fani hii watu wameyaunganisha kwa miaka mingi. BMIM-PF₆ iliyokaa chini ya maji hunyonya maji karibu asilimia 2 ya uzito wake. Inaonekana kidogo, lakini geuza kuwa moli: ni karibu molekuli moja ya maji kwa kila jozi tatu za ioni. Kwa hiyo maji hayapo juu tu, yamo ndani, jirani na anioni. Na upande wa pili, kimiminika nacho kinayeyukia kwenye maji karibu kiasi hichohicho, asilimia 2. Hilo pia uliandike kwenye tasnifu, maana ni imidazoliamu (ile BMIM, ioni yenye chaji chanya) unayoipoteza na kuiachia kwenye maji kila mzunguko.

Hilo neno "imara" lina historia yake. Vimiminika vya mwanzo vilivyotumika sana vilikuwa vya aluminiamu kloraidi. Hivyo vikiguswa na unyevu wa hewa tu vinafuka moshi wa HCl, ilibidi vifanyiwe kazi ndani ya sanduku kavu. Mwaka 1992 Wilkes na Zaworotko walipotoa vya BF₄ (tetrafluoroboreti) na wenzake, ambavyo unaweza kuvimimina mezani bila moshi, dunia ikavipokea kwa furaha kama vimiminika "imara hewani na majini". Ukilinganisha na vile vya aluminiamu ilikuwa sahihi. Kosa ni la waliokuja baadaye wakakata ule ulinganisho wakabakiza neno. Mwaka 2003 kundi la Robin Rogers kule Alabama lilionyesha waziwazi BMIM-PF₆ ikivunjwa na maji, wakapata hata fuwele za floraidi ya BMIM. Mwaka 2010 Mara Freire na wenzake wa Ureno wakapanga vizuri hali zenyewe: BF₄ inavunjika hata kwenye mazingira ya upole, PF₆ inavumilia maji yasiyo na asidi lakini ikikutana na asidi au joto kubwa inaachia.

Usiniamini kwa maneno. Tafuta elektrodi ya floraidi. Nimefanya kazi miaka mingi na maji ya upande wa Arusha na Meru, kule ambako floraidi ya ardhini inawaacha watoto na meno ya kahawia, na kuna kituo kizima cha utafiti wa kuiondoa pale Ngurdoto. Kwa hiyo kifaa hicho kwetu si kigeni, maabara nyingi za maji wanacho. Zingatia mambo mawili. Usipime maji ya pH 2 moja kwa moja, maana hapo floraidi nyingi imejificha kama HF na elektrodi haiioni. Zimua, weka ile bafa ya floraidi inayoshikilia pH kama 5, ndipo usome. Na tumia bika ya plastiki. Elektrodi haiisomi PF₆ nzima, inasoma floraidi iliyong'oka tu, na hiyo ndiyo unayoitaka.

Weka na ulinganisho: mirija miwili ya polipropilini, kimiminika kipya kilekile, mmoja maji matupu kwenye joto la chumba, wa pili asidi yako na 60°C.

Fundi_Simu_Kkoo amejibu:

Samahani kuingilia, mimi si mtu wa chuo, natengeneza simu. Hii PF₆ ndiyo ileile ya kwenye betri za lithiamu? Nimeiona kwenye maelezo ya betri imeandikwa LiPF₆. Betri ikitoboka huwa kuna harufu kali inakaba koo.

Mzee_wa_Titresheni amejibu:

Ndiyo ndugu yangu, ni anioni ileile, na umeuliza la maana kuliko unavyodhani. Humo ndani chumvi hiyo imeyeyushwa kwenye kiyeyusho kikavu kabisa. LiPF₆ hujigawa kidogo kuwa LiF na PF₅, na PF₅ ikikutana na unyevu, hata wa hewa, inatoa POF₃ na HF. Ndiyo maana viwanda vya betri hukausha hewa ya chumba kizima. Harufu unayoisikia mara nyingi ni ya viyeyusho vyenyewe, lakini usiivute, maana HF inaweza kuwemo. Betri iliyotoboka itoe nje kwenye hewa, usiipulizie, usiikamue kwa vidole, na usiifute kwa kitambaa chenye maji ukiwa mikono mitupu.

Fundi_Simu_Kkoo amejibu:

Asante mzee. Vijana wangu hapa kibandani huwa wanaitoboa kwa sindano ikivimba. Leo mwisho.

Binti_wa_Ditizoni ameandika:

Mzee, Mungu akuzidishie. Jeli imepatikana, na glavu nene za neopreni.

Elektrodi nimeazimwa na maabara ya maji. Maji yaliyolala juu ya kimiminika changu cha zamani, baada ya kuzimua na kurudisha hesabu, yamesoma mamia ya miligramu kwa lita. Mrija wa maji matupu kwenye joto la chumba umesoma kidogo mno, karibu na maji yenyewe. Mrija wa asidi na 60°C umepanda kila nilipopima. Msimamizi nimemwonyesha grafu, amekubali tubadili njia.

Sasa tunabishana tubadili kwenda wapi. Maabara ya jirani wana BMIM-BF₄ nyingi, wako tayari kutugawia bure. Ya NTf₂ (anioni nyingine, bis(trifluorometilisulfonili)imidi) ni ya kuagiza na bei yake inatisha. Tunaweza kuanza na BF₄?

Mzee_wa_Titresheni amejibu:

Ya bure hiyo iache. Kwanza, BMIM-BF₄ kwenye joto la chumba inachanganyika na maji kwa uwiano wowote, kwa hiyo ukiitia kwenye faneli hutaona tabaka mbili, utaona moja. Huna cha kutenga. Pili, BF₄ inavunjika mapema kuliko PF₆. Maji yanaing'oa floraini moja na kuweka OH mahali pake, HF inatoka, na hilo linatokea hata bila kupasha.

NTf₂ ni ghali, sibishi. Lakini angalia ilivyojengwa. Floraini zake zimeshikwa na kaboni, tatu kila upande, na kifungo cha kaboni na floraini ni kigumu kweli. Nitrojeni ya katikati imebanwa na vikundi viwili vya sulfonili vinavyoivuta chaji, hivyo protoni haioni pa kushika. Asidi yako ya nitriki ya moli 1 haitaifanya kitu. Kundi la Grätzel kule Lausanne waliitangaza familia hiyo mwaka 1996 kama vimiminika visivyopenda maji, na mpaka leo ndiyo anayoikimbilia mtu mwenye kazi ya maji na asidi.

Na kuna faida ambayo kwako inalipa sehemu ya bei. BMIM-PF₆ ina mnato wa karibu milipaskali-sekunde 270 kwenye 25°C, na BMIM-NTf₂ ni karibu 50. Ulikuwa unapasha moto kwa sababu ya mnato. Ukihamia huko hupashi, na utengano unakuwa wa haraka. Bado ni nzito, karibu gramu 1.4 kwa mililita, itakaa chini vilevile. Inanyonya maji kidogo kuliko PF₆, na inayoyeyukia kwenye maji ni chini ya asilimia 1.

Ila sitaki uondoke hapa ukidhani umepata malaika. Kisichovunjika maabara hakivunjiki mtoni pia. Kile kinachovuja kwenye maji yako kitadumu, na unatakiwa kukipima na kukiripoti. Mimi ningeweka mkaa uliochangamshwa mwishoni mwa mfumo, nione unakamata kiasi gani, na hiyo namba ingekuwa na sura yake kwenye tasnifu.

Nyuzi_na_Mbao amejibu:

Habari zenu kutoka Finland, huku nasomea nyuzi za selulosi. Shikamoo mzee. Naomba niongeze upande ambao haujaguswa: mmeongelea anioni tu, na kationi, ile ioni yenye chaji chanya, nayo huvunjwa na maji.

Hapa kuna teknolojia ya Ioncell, ya Chuo Kikuu cha Aalto na Chuo Kikuu cha Helsinki. Massa ya mbao yanayeyushwa kwenye kimiminika cha ioni, yanatolewa kama uzi ndani ya bafu la maji, selulosi inaganda pale pale. Kimiminika kilichotumika mwanzoni ni asetati ya DBN, besi kali yenye pete mbili zilizoungana. Asetati haina floraini, hakuna HF, kwa hiyo unaweza kudhani uko salama. Lakini ili ukitumie tena lazima uyatoe maji yote yale ya bafu kwa kuyavukiza, na kwenye moto huo maji yanafungua pete moja ya DBN. Inakuwa aminopropili-pirolidoni, ambayo haiyeyushi selulosi. Kila mzunguko unapoteza kidogo, na kwa kiwanda hicho kidogo ndicho kinachoamua kama biashara ipo au haipo. Ndiyo maana watafiti walihamia besi nyingine, mTBD, inayostahimili maji vizuri zaidi.

Kwa hiyo dada, hata ukipata NTf₂, usiache kuangalia imidazoliamu yako. Kwenye asidi itakaa vizuri. Ila usije ukaiosha kwa sodiamu haidroksaidi kali na moto ili kumaliza asidi. Ile hidrojeni iliyo katikati ya nitrojeni mbili hung'oka kwa besi, na haidroksaidi ikizidi pete yenyewe hufunguka. Utaona kimiminika kinageuka njano kisha kahawia. Kama kuna mashine ya NMR (inayosoma muundo wa molekuli kwa sumaku) karibu, ya protoni inatosha kuona hilo, na ukipata ya floraini PF₆ inaonekana kama mistari miwili karibu na −72 ppm. Kukitokea jozi nyingine mpya pembeni, imeanza kuvunjika.

Mzee_wa_Titresheni amejibu:

Marahaba mama, umelikamilisha. Niongeze jina moja kwenye orodha ya kuogopa: vile vya metili-sulfeti na etili-sulfeti. Vinauzwa bei nafuu na havina floraini, lakini ukivipasha pamoja na maji vinaachia pombe na kubaki hidrojeni sulfeti, yaani asidi tena. Kwa kazi za baridi sawa, kwa kazi ya kupasha hapana.

Binti_wa_Ditizoni ameandika:

Nimewaelewa wote. Tumeagiza kiasi kidogo cha NTf₂, na nitaanza na kurudisha risasi kwa joto la chumba. Swali la mwisho: kile cha zamani pamoja na maji yake nikifanye nini? Fundi wa maabara ameniambia nimwage sinki na maji mengi.

Mzee_wa_Titresheni amejibu:

Usimwage sinki. Mle kuna risasi, floraidi na imidazoliamu kwa pamoja.

Hamishia vyote kwenye chombo cha plastiki nene ya polithini, kifuniko usikikaze mpaka mwisho kwa siku za mwanzo. Maji ya juu yatenge, uyatie chokaa iliyozimwa (kalsiamu haidroksaidi) kidogo kidogo huku unakoroga, ukiwa kwenye kabati la kuvuta hewa, mpaka pH ipite 8. Floraidi itatuama kama CaF₂, unga mweupe, na fosfeti itashuka nayo. Risasi nayo nyingi itashuka humo, kwa hiyo tope hilo ni taka ya risasi, usilichanganye na takataka za kawaida. Acha litulie, kisha pima maji ya juu kwa elektrodi yako kabla ya kuamua chochote.

Ujue kwamba chokaa inakamata floraidi iliyokwisha kutoka tu. PF₆ ambayo bado nzima inapita bila kuguswa, na itaendelea kuachia baadaye ikikuta asidi. Kwa hiyo maji hayo nayo hayaendi sinki. Kimiminika chenyewe weka peke yake, andika kwenye lebo jina kamili, "kina HF na risasi", na tarehe, ukikabidhi kwa wanaochukua taka za kemikali za chuo kwa maandishi. Lebo iandikwe kwa kalamu isiyofutika, na nakala moja ubaki nayo.

Faneli uliyokuwa unatumia ivunjwe, isirudi kabatini. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akiikuta atadhani ni chafu tu, ataijaza kiyeyusho, na koki hiyo itamvujia mkononi.